Povu la Dobi

Mashine ilipoandika tano nukta mbili, mke wa Dobi alipiga kigelegele. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, hata uso hajanawa, na kilemba kimemlegea kichwani. Majirani wakadhani pale nyumbani kuna aliyeposwa.

"Tano!" alisema. "Baba watoto, tano! Karani, hebu njoo usome wewe, macho yangu yasije yakawa yananidanganya."

Karani ni binti yao wa mwisho. Jina hilo alipewa na baba yake tangu alipoajiriwa kuandika risiti kwenye duka la mabati na misumari, na sasa hata mama yake alikuwa ameshasahau kumwita vingine. Alisoma, akalishusha daftari la sukari kutoka kwenye msumari lilikoning'inia kwa uzi, akaandika. Juu ya hiyo tano kulikuwa na ukurasa mzima wa namba za aibu: kumi na nne, kumi na tisa, kumi na sita, na siku ile ya harusi ya mpwa wao, ishirini na tatu. Walikuwa wamehangaika na sukari ya mwanamume mmoja kwa miaka kumi na moja.

"Mashine imekwisha betri," Dobi alisema kutoka kitandani.

"Betri nimeweka jana, baba."

"Basi nimepona."

Alisema kwa utani, maana Dobi hakuwa na namna nyingine ya kusema. Lakini neno likishatoka mdomoni si lako tena, na mkewe alilidaka kama mtu anayedaka yai. Amepona. Alilirudia mlangoni, akalirudia uani, akaenda nalo mpaka barazani ambako Fundi Viatu alikuwa ndiyo kwanza anatandika gunia lake.

"Shemeji, nani anaolewa?" Fundi Viatu aliuliza.

"Haolewi mtu. Rafiki yako amepona sukari."

"Acha weee!"

Fundi Viatu akainuka kuja kumpongeza mgonjwa. Alipofika mlangoni macho yake yakaangukia ndala za ngozi za Dobi, zile alizomshonea mwenyewe. Mikanda ya ndala hizo alikuwa ameshaipanua mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na jioni ya jana Dobi alikuwa amelalamika kwamba zinabana tena.

"Hongera, bwana," alisema. "Lakini wewe mtu wa ajabu. Unakonda juu, unanenepa miguuni. Mali inakwenda wapi?"

"Inateremka," Dobi alijibu. "Uzee ni mteremko."

Wakacheka wote, na mke wa Dobi ndiye aliyecheka zaidi. Siku hiyo alimchoma uniti ishirini za dawa badala ya thelathini, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Na mimi siwalaumu. Mtu ukiambiwa kila mwezi kwa miaka kumi na moja "shusha sukari, shusha sukari", siku inaposhuka utafanya nini kama si kushangilia? Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sukari nayo inaweza kushuka kwa ubaya.


Sasa niwaeleze habari ya choo chao, na mwenye kuona kinyaa asamehe, maana hadithi nzima imo humo.

Maji pale mtaani yalinunuliwa kwa madumu. Dobi na mkewe walifua mashuka ya nyumba mbili za wageni, suruali za madereva, na nguo za walimu wa shule ya jirani, na sheria ya nyumba yao ilikuwa moja tu: maji ya kufulia hayamwagwi ovyo. Ndoo ya kwanza, yenye uchafu mzito, ilikwenda kudekia ua. Ndoo ya pili, yenye sabuni nyingi, ilikwenda chooni. Mke wa Dobi angeweza kukusamehe ukimtukana, lakini si ukimwaga chooni maji safi. Kwa hiyo tangu waoane, sinki la choo chao, lile la kuchuchumaa, halijapata kukaa hata siku moja bila povu. Majirani walitania kwamba kwa Dobi hata choo kinavaa shuka jeupe.

Miaka kama minne nyuma, Dobi aliwahi kutoka chooni akifunga kamba ya suruali, akasema, "Mama watoto, mkojo wangu una povu kama la bia."

"Litakosaje povu, na mimi nimemwaga humo ndoo nzima ya foronya?"

"Kweli bwana."

Basi, yakaishia hapo. Hilo ndilo lililokuwa shauri lote la kitabibu juu ya jambo lile: maneno mawili ya mume na mke, kisha kila mmoja akarudi kwenye beseni lake. Na Dobi alikuwa mtu wa kulijua povu. Aliweza kuingiza mkono kwenye beseni akakuambia sabuni hii ina chumvi nyingi, na hii imechanganywa na unga. Angelitazama povu lake mwenyewe kwenye maji matupu angelitambua mara moja kwamba si la sabuni, maana la sabuni hupasuka na lile lilikuwa likikaa. Lakini angelitazama wapi?

Tangu ile tano, namba zikawa nzuri kila siku: sita, tano, sita, tano na nusu. Dawa ikapunguzwa mpaka uniti kumi. Dobi alikuwa anachoka, lakini nani hachoki? Mwili ulimuwasha usiku, akasema sabuni imeanza kumkataa. Kwa maumivu ya mgongo alimeza vidonge vya dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, kama alivyofanya kwa miaka.

Siku ya Alhamisi aliletewa koti la Mwalimu Mkuu. Lilikuwa la kijivu, na jioni ileile lilitakiwa kwa sherehe ya kumuaga mkaguzi wa shule. Dobi akatandika meza, akapima joto la pasi kwa kidole kilichotiwa mate, akaanza na kola. Alipofika begani jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Mikono ikatetemeka. Aliona koti likiwa mawili, akajaribu kuchagua lipi ndilo, na wakati anachagua, pasi ilikuwa imesimama palepale.

Mwalimu Mkuu mwenyewe ndiye aliyeingia na kukuta moshi.

"Koti langu! We mzee, koti langu!"

Dobi alitaka kusema samahani. Ulimi ukagoma, ukatoa kitu kisichoeleweka. Akashika meza, meza ikasogea, akakaa chini ghafla.

"Kumbe umelewa!" Mwalimu Mkuu alipaza sauti, na baraza zima likageuka. "Saa nne asubuhi! Watu tunakuletea nguo kwa heshima zako, kumbe tunampa mlevi!"

"Hajaonja pombe maisha yake yote huyu," mkewe alisema, akimpa chai aliyokwishaijaza sukari vijiko vinne. "Mwalimu, huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Si juzi mmepiga vigelegele kwamba amepona?"

Mwalimu Mkuu akakusanya nguo zake zote, zilizofuliwa na ambazo hazijafuliwa, akazitia kwenye mfuko zimelowana hivyohivyo, akaondoka. Kufika Jumatatu walimu wote walikuwa wamehamisha nguo zao. Dobi, chai ilipomrudisha, alikuta mkewe analia na hakujua kwa nini. Akaelezwa. Kuitwa mgonjwa alikuwa ameshazoea. Mlevi hakuwahi kuitwa.

"Ni hii dawa," mkewe aliamua. "Umepona, na mtu aliyepona haendelei kuchomwa. Tunaacha kabisa. Na tunakwenda hospitali wakuandikie barua."

"Barua ya nini?"

"Kwamba ulikuwa mgonjwa, hukulewa. Yenye mhuri. Nitampelekea mimi mwenyewe mkononi."


Walikwenda baada ya wiki mbili, kwa sababu mashuka ya nyumba za wageni hayana likizo. Mke wa Dobi alivaa gauni lake la kutokea. Daftari la sukari alilifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akalipakata njia nzima.

Kwenye dirisha la maabara kijana wa vipimo alimpa Dobi kichupa. "Mkojo, mzee. Jaza mpaka hapa kwenye mstari. Na usikioshe."

Dobi akaenda, akarudi. Kijana akakiinua kwenye mwanga, akanuna.

"Mzee, nimekuambia usikioshe."

"Sikukiosha."

"Hili povu limetoka wapi? Wewe unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Ahaa!" Kijana akageukia foleni kama anayetafuta mashahidi. "Dobi! Sasa nyumbani ufue, na vichupa vya serikali utufulie?"

Foleni ikacheka. Dobi naye akacheka, maana ndiyo kawaida yake, lakini masikio yalikuwa yamemwaka moto. Akapewa kichupa kingine. Safari hii kijana alimsindikiza mpaka mlangoni mwa choo, akamwambia aache mlango wazi, na mtu wa miaka hamsini na sita akakojoa huku akitazamwa mgongo. Aliporudi na kichupa cha pili povu lilikuwa palepale juu, nene, limetulia. Kijana alilitazama. Akakitikisa kidogo, akalitazama tena. Alichukua na damu, akawaambia wakae benchini wasubiri.

Daktari aliyewaita mchana alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, sauti ya chini, na karatasi za vipimo zimelala mbele yake. Mke wa Dobi hakumpa nafasi. Alifungua mfuko wa nailoni akaliweka daftari mezani, limefunuliwa kwenye ukurasa wa namba nzuri.

"Nani anaandika hili?" daktari aliuliza.

"Binti yetu. Sindano namchoma mimi." Alikuwa amenyoosha mgongo kama mwanafunzi anayesubiri zawadi.

"Dawa mmepunguza lini?"

"Ilipoanza kushuka. Thelathini, ishirini, kumi. Sasa wiki mbili hachomwi kabisa, na bado iko sita, saba. Tunamshukuru Mungu. Tumekuja kwa barua tu."

Daktari alipitisha kidole kwenye namba, moja moja, mpaka chini. Kisha akalifunga daftari taratibu.

"Mama, figo nazo zinafanya kazi ya kuiondoa ile dawa mwilini. Ukimchoma asubuhi, figo zikiwa nzima, baada ya muda nyingi imeshatoka. Figo zikichoka, dawa inabaki inazunguka, inaendelea kushusha sukari. Hata ile kidogo anayotengeneza mwenyewe haitoki upesi. Hii tano siyo kupona."

"Ni nini?"

"Ni figo zimekufa."

Mke wa Dobi akamtazama mumewe, kana kwamba Dobi ndiye angesema kwamba haiwezekani. Dobi alikuwa anayatazama magoti yake.

"Figo haijaniuma hata siku moja," alisema.

"Haziumi, baba. Zinafanya kazi kimya na zinakufa kimya." Daktari akavuta karatasi, akachora kitu kama fundo la uzi. "Ndani ya figo kuna vichujio vidogo, mamia ya maelfu. Kila kimoja ni kifundo cha mishipa ya damu kama hiki. Juu ya mishipa zimekaa seli zenye vidole. Zimeishika mishipa, vidole vimepishana, na kwenye vijinafasi vya katikati ya vidole ndipo maji na taka vinapita. Kile chema cha kwenye damu hakipiti, kinarudi mwilini. Sukari ikikaa juu miaka mingi, zile seli zinavimba, vidole vinajikunja, mwisho zinaachia. Zikiachia, panabaki wazi."

Dobi aliinamia mchoro. Kitu cha mikono alikielewa siku zote.

"Kama vibanio kwenye kamba ya nguo," alisema.

"Eeh, ni kama hivyo."

"Kibanio kikichoka kinaachia. Nguo zinapeperuka."

"Ndiyo. Na nguo zenyewe, tuseme ni protini, ile nyama ya damu. Inatoka kwenye mkojo. Hiyo ndiyo inayofanya povu. Ikishapungua kwenye damu, maji nayo yanakosa wa kuyashika, yanateremka miguuni."

"Lakini mimi kibanio kikianguka ninakiokota, daktari. Ninakirudisha."

"Hizi haziokotwi, baba. Zikianguka zinatoka na mkojo, na mwili hauoteshi nyingine. Pale penye tundu panaota kovu, na kovu halichuji. Figo zako zimebaki na nguvu sehemu sita kwa mia." "Povu mmeanza kuliona lini?"

Mume na mke wakatazamana. Yakawarudia wote wawili kwa pamoja: kamba ya suruali, ndoo ya foronya, kicheko.

"Tungekuja wakati ule..." alianza.

"Wakati ule kulikuwa na vidonge vya kuzilinda," daktari alisema. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulikuwa mzito. "Sasa kuna mashine ya kusafisha damu. Iko hospitali kuu. Mara tatu kwa wiki."

"Kwa muda gani?"

"Kwa maisha yake."

Waliinuka na karatasi zao. Mlangoni mke wa Dobi akasita, akarudi hatua mbili.

"Na ile barua, daktari? Ya kwamba hakulewa?"

Daktari akaiandika, mistari minne, akagonga mhuri.


Jioni ile, Dobi alipotoka chooni, mkewe aliingia na kopo la maji ya kunywa. Kabla Dobi hajaingia, mkewe alikuwa amelisugua sinki mpaka likabaki tupu, akamwambia mumewe asimwage kitu. Sasa alisimama akatazama. Povu lilikuwa pale, viputo vidogovidogo, vyeupe, vimeshikana. Alimwagia maji safi kidogo, povu likazunguka, likatulia tena pembeni. Akasubiri. La sabuni lingekuwa limeshapasuka.

"Mama, unamwaga chooni maji ya kunywa?" Karani aliuliza kutoka uani.

Mama yake alikuwa amekaa chini penye mlango wa choo, kopo mkononi, na alikuwa anajipiga kifuani kwa ngumi, polepole, kama anayebisha hodi.

"Miaka minne," alisema. "Alikuwa anamwagika hapa, miaka minne, na mimi nikamwagia foronya juu yake."

Karani akakaa naye sakafuni. Baadaye, walipokuwa wote watatu ndani, Karani alisema lililokuwa likimkaa rohoni tangu mchana.

"Baba, watu wanapandikizwa figo. Mimi ninazo mbili. Nitoe moja."

"Hapana."

"Hujafikiri hata kidogo!"

"Nimefikiri tangu kwenye benchi la hospitali, maana nilijua utasema. Sukari hii ilimuua baba yangu, ikaja kwangu. Ukibaki na figo moja halafu ikakujia wewe, utachujia nini? Kanzu?"

"Baba, usitanie."

"Sitanii," Dobi alisema, na kweli safari hii hakuwa anatania.

Barua ilipelekwa kesho yake. Mke wa Dobi alisimama mlangoni mwa ofisi ya shule mpaka Mwalimu Mkuu akaisoma yote. Mwalimu akavua miwani, uso ukalegea.

"Pole sana, mama. Kumbe nilimkosea mzee. Nisamehe."

"Hakuna neno, mwalimu. Basi nije nichukue nguo?"

Mwalimu Mkuu akaikunja barua mara mbili, akamrudishia.

"Unajua, mama... hapa pameandikwa figo, mkojo. Na nguo mtu anavaa mwilini. Si kwamba ninamnyanyapaa. Ila wenzangu, unajua watu walivyo."

Basi barua ikawafungia mlango kuliko ulevi. Mlevi angeweza kuacha pombe.


Hospitali kuu ilikuwa mbali, safari ya saa nne kwenda na saa nne kurudi, na mashine zilikuwa chache kuliko watu. Mara tatu kwa wiki waliimudu mwezi mmoja. Pasi mbili za umeme zikauzwa, wakarudia ya mkaa. Kisha ikawa mara mbili. Kisha mara moja, na nesi wa kule akawaambia wazi kwamba mara moja ni kufuta meza huku bomba linavuja.

Dobi akavimba mpaka usoni. Pumzi ikawa fupi, akalala ameketi, mito mitatu mgongoni. Chakula kilimnukia vibaya, na yeye mwenyewe mdomo wake ukanuka mkojo, akawa anageukia ukutani anapozungumza ili asimkere mtu. Fundi Viatu alikuja kila asubuhi. Ndala aliacha kuzipanua, akamshonea mpya, pana kama sahani, zisizo na mkanda wa nyuma. Dobi alizivaa siku mbili tu.

Mkewe alifua peke yake. Na kila ndoo ya pili sasa alikwenda kuimwaga mtaroni, majirani wakishangaa. Nyuma ya mlango wa choo aliweka dumu la maji safi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Dobi alipojisaidia, yeye aliingia baada yake, akatazama. Alipokuja kuandika, Karani alikuta daftari limebadilishwa kazi. Namba hakuna tena. Mama yake alikuwa anaandika kwa herufi zake kubwa za shule ya watu wazima: povu. Povu. Povu kidogo. Povu. Alilichukia lile povu kama mtu anavyomchukia mwizi anayemjua kwa jina. Lakini daktari alikuwa amemwambia faraghani, siku ya mwisho walipokwenda, "Mama, maadamu anakojoa bado kuna kitu kinachofanya kazi. Siku mkojo ukikatika, na hamfiki kwenye mashine, mjiandae." Kwa hiyo akalichukia na akaliombea lisiishe.

Jumapili moja, jua limeshapanda, Dobi alimwita kutoka chooni. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao mkewe hakuusikia tangu koti liungue.

"Mama watoto! Njoo uone!"

Akaja mbio, mikono ina sabuni mpaka viwikoni. Dobi alikuwa ameshikilia ukuta, anahema, anacheka. Amelimwaga dumu zima la maji safi. Sinki lilikuwa na maji safi mpaka chini, hata ufa wake unaonekana.

"Unaona?" alisema. "Hata kiputo kimoja hakuna. Povu limekwisha."

Mkewe akatazama maji. Akamtazama yeye.

"Umekojoa?" aliuliza.

"Nimesimama hapa muda mrefu."

"Ninakuuliza umekojoa?"

Dobi alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu Ijumaa, ambapo alisimama palepale mara tano na hakikutoka kitu, na jana vilevile, na akamdanganya mkewe kwamba amejisaidia, akamwaga maji haraka kabla mkewe hajaingia. Asiyejua maana ya mkojo kukatika ni nani, wakati kule kwenye viti vya mashine wagonjwa hawazungumzi kingine?

"Siku ile ya tano nukta mbili," alisema polepole, kwa kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache, "ulipiga kigelegele mpaka nikaona haya. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kigelegele tangu harusi yetu. Sasa leo povu limekwisha kabisa. Mbona umenyamaza?"

"Baba watoto, usinifanyie hivi."

"Kimoja tu. Nikisikie."

Alisimama pale mlangoni, povu la sabuni linamdondoka vidoleni. Akajipangusa midomo kwa bega. Cha kwanza hakikutoka, ilitoka pumzi. Akameza mate, akainua kichwa, akapiga kigelegele kirefu, chembamba, kilichokatika katikati na akakiunga, mpaka kikaisha. Dobi alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Barazani Fundi Viatu alidondosha msasa. "Shemeji!" aliita kwa furaha. "Kulikoni? Amepona?"

"Amepona," mke wa Dobi alijibu.

Akamshika mumewe kwapani, akamrudisha ndani, akampangia mito mitatu, akamfunika. Kisha akatoka uani. Beseni la foronya za nyumba ya wageni lilikuwa limebaki kama alivyoliacha. Alizikamua moja moja, akazianika, akazibana kwa vibanio. Yale maji ya sabuni akayabeba kwa ndoo mpaka chooni akayamwaga yote, kama zamani, na dumu tupu lililokuwa nyuma ya mlango akalirudisha jikoni.